Melkior Aliwasha Taa Mara Tatu

Ukimuuliza Leodegar leo atakwambia shetani alimpitia. Shetani gani? Ni shuku tu, na kichwa kigumu alichozaliwa nacho.

Pikipiki ilikuwa ya Gurdip, mwenye duka la spea pale Moshi mjini, na Gurdip hana maneno mengi: ukipigwa tochi ya trafiki, ile ya kupimia mwendo, mara tatu, unarudisha funguo. Leodegar alishapigwa mbili ndani ya mwezi mmoja, zote mahali ambapo kundi lao la WhatsApp liliandika njia ni nyeupe, yaani hakuna trafiki. Nyumbani bodaboda hiyo ndiyo iliyokuwa inawalisha. Kahawa ya kihambani, shamba lao la nyumbani, ilishang'olewa siku nyingi.

Sasa kijiwe kizima kimenaswa kasoro mtu mmoja, wewe ungefikiri nini? Mtu huyo ni Melkior. Hajawahi kuandikiwa faini hata mara moja. Tena Jumapili moja baada ya misa, Leodegar alimwona kwa macho yake amesimama na yule trafiki wa kike, Afande Justina, wanacheka na kuongea Kichagga. Ikamkaa rohoni. Akarudi kwenye simu kutafuta nani aliandika njia nyeupe siku zile mbili. Melkior, na tena Melkior. Kwake kesi ikawa imekwisha: Melkior ndiye anayewauza kwa trafiki. Hakumuuliza mtu, ila salamu ya Melkior akawa anaiitikia kwa kuguna.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, alikuwa anatoka Kwa Sadala kurudi mjini na gunia la parachichi nyuma. Mbele ikatokea pikipiki, ikawasha taa na kuzima mara tatu, na dereva akajigonga kofia kwa kiganja. Hakuna bodaboda asiyejua maana yake: kuna tochi mbele, punguza mwendo. Dereva mwenyewe alikuwa Melkior.

Mtu mwenye akili timamu angepunguza. Leodegar akawaza, huyu leo ananitakia nini? Alinidanganya njia nyeupe nikanaswa, leo ananiambia kuna tochi, basi ndiyo hakuna. Anataka nikimbilie njia ya vumbi, na huko ndiko wamejipanga. Akakamua mafuta. Sabini, themanini. Tena alijiona mjanja kweli, mjinga yule.

Kwenye kona, nyuma ya migomba, Afande Justina alikuwa amesimama na tochi yake. Akampungia mkono asimame, akamwonyesha namba: themanini na tatu, mahali pa hamsini. Leodegar akashuka. Akaanza kulalamika kwamba njia hii huandikwa nyeupe kila siku. Afande akamwambia wao wanahama kila nusu saa, bodaboda mnakaa mnasoma ujumbe wa asubuhi. Hapo Leodegar akaelewa. Melkior alikuwa anaandika alichokiona, na kilikuwa kweli pale alipokiandika.

Hajamaliza kuandikiwa, wakasikia pikipiki nyingine inakuja kwa kasi kutokea alikotoka yeye, honi juu. Justina akainua tochi. Tisini na moja. Alikuwa Melkior, ameigeuza.

Afande na Melkior wamekua pamoja Old Moshi, vihamba vinapakana. Justina akamuuliza kwa Kichagga amepatwa na nini leo. Kisha akamwandikia kama anavyomwandikia mtu baki.

Melkior hakubisha. Alivua kofia, jasho linamtiririka, akamgeukia mwenzake.

"Nilivyoona unaongeza mwendo nikajua hukuniona," alisema. "Nikageuza nikuwahi. Si ilikuwa imebaki moja tu urudishe funguo, Leo?"

Leodegar alikuwa na mlango wazi kabisa wa kusema uongo, na hakuna ambaye angejua. Lakini aliona aibu, akamtazama yule mtu machoni.

"Nilikuona," alisema. "Sikukuamini."

 Melkior akachukua karatasi yake kwa Afande, akavaa kofia, akaondoka bila kuaga.