Maneno Matatu ya Chini

Maneno matatu ya chini ndiyo yaliyotangulia kufifia. Jina la baba mdogo msalabani lilikuwa bado jeusi kama jana, na miaka yake miwili, wa kuja na wa kuondoka, ilisomeka hata ukisimama njiani. Lakini pale chini, mahali nilipoandika *Amelala katika Bwana*, rangi ilikuwa imegeuka kijivu, na herufi nyingine zilibaki kama alama ya glasi juu ya meza. Mama mdogo alisimama upande wa pili wa kaburi, ameshika kopo la rangi kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba chai ya moto.

"Mara hii yapake sawasawa," aliniambia.

Nilichovya brashi, nikaitoa. Nikaifuta kwenye mdomo wa kopo upande huu, nikaifuta upande wa pili. Kufuta brashi ni kazi inayoweza kuchukua muda mrefu ukitaka.

Niliingia nyumbani kwao nilipomaliza shule ya msingi. Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, wametoka tumbo moja. Mumewe alikuwa seremala wa majeneza. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ile ile tuliyolala, kwa hiyo hata mtu aliyekuja kusalimia tu alipita kwanza katikati ya masanduku, amejikunja mabega asiguse kitu. Shule ilikuwa imenipa jambo moja la maana, mwandiko. Baba mdogo aliona nilivyoandika orodha ya vitu vya sokoni, akanipa brashi nyembamba na kipande cha ubao.

"Andika jina la mtu unayemchukia," alisema, "tuone kama mkono unatulia."

Niliandika la mwalimu wa hesabu. Mkono ulitulia kabisa. Tangu siku hiyo misalaba yote ikawa yangu, naye akawa ananiita Mwandishi. Wateja wakiingia na nyuso zao ndefu, aliwaambia, "Mimi napima, Mwandishi anaandika, na mwenyewe hajawahi kurudi kulalamika." Kuna waliocheka hapo hapo, huku wanalia.

Alinifundisha kwamba rangi ya herufi hupakwa mikono miwili. Wa kwanza unauacha ukauke, wa pili unaupitisha juu yake, na huo wa pili ndio unaozuia mvua. Alinifundisha pia kulainisha mbao kwa msasa hadi kidole kipite bila kukwama. Na sanduku lake alilipiga randa ndani kama alivyolipiga nje, ingawa ndani pangefunikwa kitambaa.

"Huko ndani nani ataona?" nilimuuliza.

"Anayelala humo ndiye mteja. Hawa wengine ni wasindikizaji."

Kanisa la mama mdogo lilikuwa na kanuni yake kuhusu misalaba. Marehemu aliyeokoka, ambaye watu walimsikia akikiri kwa kinywa chake, aliandikiwa yale maneno matatu chini ya miaka yake. Ambaye hakukiri aliandikwa jina na miaka, basi. Mchungaji aliniletea karatasi yenye jina, na pale chini aliweka alama ya vema au hakuweka. Nimeandika misalaba mingi isiyo na maneno. Ndugu wa marehemu walikuja kuichukua, wakatazama ile nafasi tupu ya chini, wakaubeba msalaba umelala kifudifudi.

Baba mdogo hakuokoka. Hakubishana na mtu wala hakukejeli. Siku za ibada alimsindikiza mkewe hadi mlangoni, akasalimiana na wazee, akarudi kunoa randa. Mama mdogo aliomba kwa ajili yake kila alfajiri. Alipiga magoti upande wa pili wa ukuta wetu wa mbao, na kitu cha kwanza kutoka kinywani mwake kilikuwa jina la mumewe. Mimi nikilisikia tu jina hilo, nilichukua ndoo nikaenda bombani. Si kwamba maji yalikuwa na haraka. Sikupenda kusikia mtu akiomba kitu kile kile miaka na miaka na asipewe.

Nisije nikamfanya mama mdogo aonekane mtu wa maneno mengi. Walizaa watoto wawili, na wote wawili hawakufikisha mwaka. Baba mdogo aliwatengenezea masanduku yeye mwenyewe, madogo kama droo za kabati. Baada ya yule wa pili, mama mdogo alilala ameelekea ukutani mwaka mzima. Mama yangu aliniambia kwamba walimlisha kwa kijiko. Kisha mwanamke fulani wa kanisani akaja, akakaa chini kando ya kitanda, akarudi kesho yake, na kesho yake tena, na siku moja mama mdogo akasimama, akaomba ufagio, akafagia uwanja wote. Tangu hapo ameokoka. Baba mdogo mwenyewe alikuwa akisema, "Aliyemwinua huyu simdharau. Mimi hakuniinua, maana mimi nilikuwa nimesimama, napiga misumari."

Mara moja tu mama mdogo alinieleza anachoogopa. Tulikuwa tunakunja nguo. "Wale watoto wako kule," alisema. "Nikifika wataniuliza baba yao yuko wapi. Nitawajibu nini?" Akaendelea kukunja.

Mimi mwenyewe niliokoka nikiwa na miaka kumi na sita. Mhubiri mgeni alisema wanaotaka wasimame, mama mdogo akanitazama, nikasimama. Nilibatizwa, nikaingia kwaya. Kuna siku nilipoimba nilihisi kitu kimekaa karibu nami, kimetulia, hakitaki lolote. Na kuna siku, nyingi kuliko hizo, nilihisi nimebeba barua ya mtu mwingine. Sikumwambia yeyote. Hakuna aliyeniuliza.

Kilichomwangusha baba mdogo ni kifua. Vumbi la mbao la miaka yote lilikuja kudai nafasi yake. Alilala mwezi mmoja na siku chache, katika chumba cha nyuma, na mimi ndiye niliyekaa naye mchana kwa sababu kukaa kimya hakunichoshi. Siku hiyo ilikuwa saa nane mchana. Mama mdogo alikuwa amejifunga kitambaa kichwani akatoka mbio mbio bila kusema aendako.

"Mwandishi."

"Abee, baba."

"Mama yako mdogo amekwenda kumleta mchungaji. Ametoka kama anayekwenda dukani, na kikapu hajabeba." Alicheka kidogo, na kicheko kikamgeukia kikawa kikohozi. Nikamwinua, nikamlaza tena. "Kabla hawajafika nina swali. Wakifika watauliza wao."

"Uliza, baba."

"Hii habari ya kuokoka. Simuulizi mama yako, yeye najua. Yeye ilimtoa kitandani. Nakuuliza wewe." Alipumzika, akavuta pumzi, akaendelea. "Ukiwa peke yako, hakuna anayekuangalia, ipo? Inakushika? Au ni nguo ya ibada tu? Nakuuliza kwa sababu hujawahi kunihubiria hata siku moja. Utakachosema nitakishika."

Hakuwa anatania. Nilikuwa najua uso wake wa utani kama ninavyojua herufi. Alinitazama kama alivyoutazama ubao kabla ya kuukata, akingoja uonyeshe ulipopinda.

Kama ningesema ipo, ningekuwa namdanganya mtu ambaye hakuwahi kuficha ubao mbovu chini ya kitambaa. Kama ningesema haipo, ningekuwa nazikanusha zile siku chache za kwaya, nazo zilikuwa kweli. Ningeweza kumwambia hivyo hivyo: kuna siku ipo na kuna siku sijui. Leo naona jibu lilikuwa hilo, fupi, na lingeingia kwenye pumzi moja. Wakati ule niliona aibu. Miaka yote ya kwaya, na mtu mmoja tu alinikabidhi maisha yake niseme neno, nami sikuwa na neno zima.

"Midomo imekukauka, baba," nilisema. "Ngoja nikuletee maji."

Alinitazama kidogo.

"Haya," alisema. "Nenda." Ilikuwa ile sauti aliyoitumia kwa mteja anayesema atarudi kesho.

Jikoni kikombe kilikuwa safi. Nilikiosha. Nikakiosha tena. Nilijaza maji, nikaona yamejaa mno, nikamwaga kidogo. Niliporudi alikuwa ameelekeza macho mlangoni na kifua kilikuwa hakipandi.

Nilikuwa bado nimesimama na kile kikombe mama mdogo alipoingia, mchungaji nyuma yake anahema. Hakupiga kelele. Alimtazama mumewe mara moja tu, halafu akanitazama mimi.

"Niambie alikubali," alisema.

Niliwaona wale watoto wawili, wamesimama mahali fulani, wanauliza.

"Alikubali."

"Ulisikia mwenyewe?" mchungaji aliuliza. Kanuni ni kanuni. "Alitamka kwa kinywa chake?"

"Alitamka."

Mama mdogo aliketi sakafuni pale pale akalia, na kilio chake kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Msalaba niliuandika kesho yake asubuhi, karakana ikiwa imejaa watu waliokuja kupima sanduku la mpimaji. Jina nilipaka mikono miwili, na miaka pia. Maneno matatu nilipaka mkono mmoja. Sikuwa nimepanga. Rangi ya kwanza ilikauka, nikachovya brashi kwa ajili ya pili, na mkono ukakataa kwenda.

Baada ya hapo nyumba ilibadilika. Jina la baba mdogo lilitoka katika maombi ya alfajiri, zikabaki shukrani. Mama mdogo alinenepa kidogo. Kanisani alisimama akashuhudia: mume wangu alikiri saa ya mwisho, akiwa na binti yangu peke yake. Aliombwa akashuhudie na makanisa mengine. Mwanamke mmoja alimleta mumewe baada ya kumsikia, na yule mume, aliyekuwa akimpiga, aliacha kumpiga. Nilimwona kwa macho yangu akimbebea mkewe mtoto. Basi uongo wangu ulikuwa unatembea mjini unatenda mema, na mimi niliketi kwenye benchi la kwaya nikiutazama.

Ilikuwa hivyo kwa miaka miwili, mpaka mvua ikafanya kazi yake.

"Mbona huandiki?" mama mdogo aliuliza kule kaburini.

"Naandika."

"Nimekaa na seremala miaka ishirini na mitatu," alisema. "Rangi iliyopakwa mara moja naijua. Niliiona siku ile ile tulipousimamisha. Nikajisemea, mtoto amechoka, ana msiba. Kila nikija naiangalia. Sasa nakuuliza, ulichoka?"

Niliiweka brashi juu ya kopo.

"Hakukubali, mama."

Mama mdogo aliishika brashi isianguke.

"Aliniuliza swali. Kama mimi ninaamini. Kama inanishika nikiwa peke yangu. Alisema nitakachojibu atakishika."

Mtu alipita njiani na baiskeli, akatusalimia, tukaitikia wote wawili kwa sauti zetu za kawaida.

"Nimesimama mbele ya watu miaka miwili," mama mdogo alisema. Alisema polepole, kama anayeyahesabu yale makanisa. "Mbele ya watu." Kisha akaacha hilo, na macho yake yakanigeukia. "Ukamjibu nini?"

"Nilikwenda kumletea maji."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani sasa atalia, au atanipiga, na ningekubali vyote.

"Alikunywa?"

"Hakuwahi."

Aliweka kopo chini. Alifungua mfuko tuliobebea vifaa, akatoa msasa, akapiga magoti mbele ya msalaba. Alisugua maneno yale matatu, si kwa hasira, kwa kufuata mkondo wa mbao kama alivyomwona mumewe akifanya maisha yake yote. Unga wa kijivu ulimwangukia magotini. Kila baada ya muda alipitisha kidole, akasikiliza, akasugua tena, hadi kidole kikapita bila kukwama.

"Jina lirudie," alisema. "Hapa paache."

Jumapili alisimama kanisani. "Yale niliyowaambia kuhusu mume wangu," alisema, "sikuyasikia kwa masikio yangu. Yeye na Mungu wanajua. Mimi sijui." Akaketi. Mchungaji alipekua Biblia yake mbele na nyuma bila kusoma popote. Yule mume na mkewe walikuwa benchi la tatu, mtoto begani kwa baba. Sikuona kilichopita usoni mwao. Mama mdogo hakunisemesha siku tisa, isipokuwa maneno ya kazi: lete, shika, funga mlango.

Watu wakipita pale kaburini huniuliza kama nilisahau kumalizia. Huwa nawaambia rangi iliisha.

Siku ya kumi, alfajiri, nilimsikia upande wa pili akipiga magoti. Niliketi kitandani nikapapasa ndoo, nikingoja shukrani zake zianze. Hakushukuru. Alitaja jina, la kwanza kutoka kinywani mwake, mahali pale pale lilipokuwa likikaa la mumewe, na jina lilikuwa langu. Analitaja hivyo hadi leo. Sijui kama atapewa anachoomba. Lakini siku hizi siendi bombani mpaka amalize.