Bunduki ya Mashemeji

Mume wangu na kaka yangu walinuniana kwa sababu ya kanga mmoja. Kanga mwenyewe alikuwa mzee, nyama ngumu, na kama si ubishi wao angeliwa akasahaulika. Walimpiga kwa pamoja, kila mmoja na bunduki ya kuazima, wakamkimbilia, kila mmoja akamshika mguu wake na kusema huyu ni wangu. Walirudi nyumbani hawasemezani.

Lingekuwa jambo dogo kama tusingekuwa tunakaa nyumba moja. Mume wangu ni fundi rangi, mrefu, dari anazipaka bila ngazi. Kaka yangu ni fundi cherehani, na ukiingia ghafla kile chumba cha mbele anamoshonea, utaiona cherehani kwanza ndipo umwone yeye. Mimi kwa kimo niko katikati yao, na tangu siku ile nikawa katikati kwa kila kitu. Mezani nikageuzwa mkalimani. Mwambie kaka yako asogeze chumvi. Mwambie mumeo chumvi iko mbele ya pua yake. Chakula kinapoa, mimi natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Mwanzoni nilicheka. Kisha nikasikia kwa majirani kwamba kaka anaulizia chumba cha kupanga upande wa pili wa mji, na kicheko kikaniisha. Wazazi wetu wametangulia, na sina ndugu mwingine. Nikaapa hahami, hata kama itabidi niwafunge kamba moja.

Kamba yenyewe nikaamua iwe bunduki. Wote wawili walikuwa wamechoka kuazima, na wote walikuwa na hamu ya bunduki ya marisau, ile inayomwaga risasi ndogondogo, ya kuwindia ndege. Nikawaambia wanunue moja, yao wote. Ofisi ya vibali nayo ilikuwa inatoa kibali kimoja tu kwa kila nyumba. Mume wangu hakutaka liandikwe jina la shemeji yake, na shemeji yake hakutaka kulisikia la mume wangu. Likaandikwa langu. Nikapelekwa kujifunza kulenga makopo nyuma ya karakana ya fundi wa bunduki, mimi ambaye nilikuwa sijawahi kumtishia hata nzi, na makopo yakaanza kuniogopa.

Siku ya kuchagua tulikwenda wote watatu. Karakana ilinuka mafuta na vumbi la mbao, na fundi alikuwa mtu wa maneno mengi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mume wangu akaingia na kupenda papo hapo bunduki inayong'aa, ubavuni imechorwa bata wanaoruka. Fundi akaifunga, akaitikisa karibu na sikio lake, ikalia kachakacha. Akasema chuma kinachocheza hata kikiwa kimefungwa hakifai, hata kiwe na bata wangapi. Kaka akageukia ukuta, akatabasamu. Yeye akachagua nyingine nyembamba, nyepesi, fundi akamwambia achungulie ndani ya mitutu kwa mwanga wa dirisha. Kulikuwa na kutu ya kutosha kuotesha mbegu. Ikawa zamu ya mume wangu kuutabasamia ukuta.

Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura, mbao imekwaruzika, rangi imechujuka. Lakini ilifungika kwa mlio mmoja mfupi na haikucheza hata kidogo, na mitutu ilikuwa safi mpaka mwisho. Hiyo waliikubali wote, kupitia kwangu.

Shida ikawa kitako, ile mbao ya nyuma inayoegemea begani. Fundi alimtaka kila mmoja afumbe macho, ainue bunduki tupu begani, kisha afumbue. Ukiona ule ushanga wa shaba kwenye ncha ya mtutu umekaa peke yake mbele ya jicho, bunduki ni yako. Mume wangu alipofumbua, kidole gumba chake kilikuwa kimegonga pua, kwa jinsi kitako kilivyokuwa kifupi kwake. Kwa kaka kilikuwa kirefu, kikanasa kwapani kwenye shati alilolishona mwenyewe. Fundi akaeleza kwamba kitako hukatwa au huongezwa mpira, lakini hupimwa kwa mwili wa mtu mmoja, na bega halina mambo ya nusu kwa nusu. Wakajibu, kila mmoja akiniangalia mimi, kwamba wataizoea.

Hawakumaliza hata wiki. Mume wangu alinivuta chumbani akaninong'oneza niipeleke kwa fundi aongeze mpira, kimyakimya, kaka yako asijue. Kesho yake kaka aliacha kushona, akafunga mlango, akanitaka niipeleke ikakatwe, na mumeo asinuse. Wote wawili niliwaitikia kwa adabu, maana mimi ni mtu mtiifu.

Nilipomweleza fundi, alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaniuliza kibali kina jina la nani. Nikamwambia. Akasema basi nisogee, nifumbe macho. Alikata kidogo, akapiga msasa, akanirudisha begani, akakata tena. Nilipofumbua macho mara ya mwisho, ushanga ulikuwa umekaa pale peke yake, umetulia. Niliipenda bunduki ile. Nasema wazi, niliipenda kuliko pete yangu ya ndoa.

Nyumbani kila mmoja aliniuliza kwa siri kama tayari, nami nikajibu tayari. Sikusema uongo. Mume wangu akaiinua mbele ya kioo na kuniambia sasa ndiyo imemkaa. Kaka, ambaye hamshonei mtu hata mfuko wa suruali bila kumpima mara mbili, aliiweka begani bila kugusa futi yake ya shingoni, akasema ahaa, mkono wa fundi huonekana.

Jumamosi asubuhi tukaenda kwenye mashamba yaliyovunwa. Mume wangu alianza. Kwale wakaruka, akafyatua, wakaendelea na safari yao. Alijipangusa pua na kuniagiza nimwambie kaka yangu kwamba bunduki ni safi, ila jua limemwingia. Kaka akachukua zamu yake. Kitako kikamnasa kwapani, akafyatua ndege wakiwa wameshafika kijiji cha pili. Naye akasifu bunduki, akalaumu upepo, na siku ile hata jani halikutikisika. Nilikuwa najiuma ulimi. Hakuna aliyeweza kulalamikia kitako, kwa kuwa kila mmoja alidhani siri ya kitako ni yake peke yake.

Nikawaomba nijaribu. Wakanipa kama mtu anavyompa mtoto ufagio. Kanga akainuka kwa kelele kutoka kwenye mabua, bunduki ikaja begani yenyewe, na kanga akaanguka.

Wakaangalia ndege, wakaangalia bega langu. Mume wangu akanitaka nitoe risasi, akaichukua bunduki, akamwekea kaka begani kwa mikono yake. Kaka akaivuta futi shingoni, akapima kitako, kisha akampima mume wangu mkono, kisha wangu. Futi ikakubaliana na wangu.

"Shemeji," mume wangu akasema, polepole. "Wewe ulimwambia akate?"

"Nilimwambia, shemeji. Na wewe uliagiza iongezwe?"

"Niliagiza."

Yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu kanga yule mzee. Wakanigeukia wote wawili. Sikukimbia. Mume wangu akaanza kunisomea mashtaka, kaka akawa anamkumbusha aliyoyasahau, na kila shtaka mmoja alilolitaja mwenzake alilikuza. Walinisema kwa umoja ambao sikuwahi kuuona nyumbani kwangu, mpaka mume wangu akashindwa akacheka, na kaka akacheka akiwa amemwegemea.

Kisha kaka akajikohoza na kusema afadhali asifiche, amepata chumba, mwisho wa mwezi anahama.

"Huhami," mume wangu akamwambia, na mkono wake ulikuwa bado begani kwa kaka. "Shemeji, unaniachaje peke yangu na mtu kama huyu, na bunduki ni yake?"

Kaka alinitazama, akaitazama bunduki. Akasema kweli, huo utakuwa ukatili, basi atabaki. Mimi nikaenda kumwokota kanga, nikachukua muda mrefu kumtafuta ingawa alikuwa miguuni pangu, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka wapate la kunicheka.