Mwezi Ambao Bibi Hakuuona

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, kijijini Bihambwe, sufuria ya maharage mapya ilikuwa mezani na hakuna aliyeigusa. Kwa desturi ya ukoo, mkubwa wa nyumba huonja kwanza, mwezi mpya ukishaandama. Mwezi uliandama Jumamosi. Bibi Nyiransengimana, mkubwa wa nyumba hii, alikataa kuonja, akidai hakuuona. Watoto walikuwa wamekula mihogo mitupu kwa siku tisa tangu mavuno.

Mukandayisenga alimgeukia mumewe Evode, katekista.

"Papa, jana ulihubiri kama hii ni mambo ya wapagani. Kula basi, watoto wakufuate."

Evode alichukua kijiko, akakirudisha. "Mama yangu iko anatuangalia."

"Mimi siangalii kitu," bibi alisema. "Hata mwezi siuone. Pengine nikipata fromage, macho itafunguka."

"Mama! Fromage njo unatafuta tangu Jumamosi?"

"Ile ya Masisi. Nzima."

Evode alipanda pikipiki. Saa tano alirudi na hiyo fromage, jibini nzima. Bibi alikula kipande kikubwa, akaonja punje moja ya maharage, akaitikia kwa kichwa. Evode alijaza sahani yake kabla ya watoto.