Fulana za Sikukuu

"Mtoto haruhusiwi humu. Atoke," Shangazi alisema, akiwa bado amelishika gunia la mabaki ya vitambaa. Ndani ya gunia, msichana wa miaka minne alikuwa ameketi kimya, vifungo viwili vya shati kiganjani.

"Atoke kwa mlango upi?" mama yake aliuliza, macho kwenye sindano ya cherehani. "Si mmetufungia?"

Kweli walikuwa wamefungiwa. Tajiri, mwenye karakana, aliufunga mlango wa nje asubuhi akaondoka na ufunguo, na hakuna wa kuufungua mpaka saa saba, gari lije kuchukua fulana mia tatu za zambarau zilizoandikwa kifuani LEO MAMA AMEPUMZIKA. Shangazi, msimamizi wao, alikuwa shangazi wa tajiri. Mafundi nao walimwita hivyo hivyo, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu yake.

Wiki iliyopita redio ilipotangaza kwamba Siku ya Wanawake sasa ni sikukuu ya taifa zima, karakana nzima ilipiga vigelegele. Bibi Kola, mshona kola tangu ujana wake, aliapa kulala mpaka jua limchome kisogo. Jana, wakati wa kutoka, karatasi ikapitishwa: jina, saizi, sahihi. Wakadhani watagawiwa fulana. Wakataniana mpaka getini, Bibi Kola akiambiwa saizi yake haijaanza kutengenezwa. Leo wamesomewa kichwa cha karatasi: wote kumi na wawili wamejitolea kufanya kazi sikukuu. Saizi zilikuwa za aproni mpya.

Chekechea ndiyo iliyomkwamisha huyu wa gunia, mama yake alieleza: leo imefungwa. Mwalimu naye ni mwanamke, amekwenda kuandamana. Jirani pia kaenda. Mara ya mwisho kumwacha mtoto peke yake chumbani, alimkuta amepanda juu ya stuli akichokonoa soketi kwa kijiko.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na roho mbaya, ila aliogopa mikasi, pasi na mpwa wake. Akashauri mtoto akae stoo, kwenye marobota ya vitambaa. Kuna kidirisha juu, hewa inaingia. Atafungiwa mpaka mzigo utoke, basi.

"Saa tatu nzima?"

"Wewe shona haraka, mama. Ukichelewesha, wewe mwenyewe ndiye utakuwa unamfungia."

Fundi, mama wa mtoto, aliangalia rundo lililobaki. Akamshika mtoto mkono, akamwingiza stoo, akamvulia kanga yake aikalie. Mtoto hakulia. Aliuliza tu, "Mama, nimekosa nini?"

Kufuli likabanwa. Ufunguo ukarudi kwenye kamba shingoni mwa Shangazi.

Fundi akashona. Bega, mkono, upindo, tupa. Bega, mkono, upindo, tupa. Mashine kumi na mbili zilikuwa zinanguruma pamoja, lakini alisikia mlango wa stoo ukigongwa, taratibu, kwa kitu kidogo kigumu. Kifungo, alijua. Mshono ukaenda upogo, akaufumua. Bibi Kola, aliyekaa karibu, alimnong'oneza kwamba watoto huchoka, atalala tu. Lakini mikono ya Bibi Kola mwenyewe ilikuwa imesimama.

Kugonga kukaendelea. Kisha kukakoma.

Fundi alisimama. Shangazi akamwambia aketi, zimebaki themanini. Alipita kati ya meza mpaka kwenye ukuta wa nyuma na kuvuta chini swichi kubwa ya umeme.

Mashine zote zilinyamaza kwa mkupuo. Ndipo wakasikia vipaza sauti vya uwanjani, ng'ambo ya barabara, ambavyo asubuhi nzima vilikuwa vimemezwa na kelele zao. Mwanamume mmoja alikuwa akisema kwamba leo hakuna mama nchini aliyeshika kazi. Watu wakampigia makofi.

"Washa," Shangazi alisema, sauti chini. "Unataka mpwa wangu anifukuze na mimi?"

Fundi aliegemeza mgongo kwenye swichi. Mlango wa nje ulikuwa bado umefungwa, na wote walijua kesho jina lake litakatwa. Akanyoosha mkono.

"Ufunguo wa stoo, Shangazi."

Bibi Kola akavua aproni yake, akaikunja mara nne na kuiweka juu ya mashine.

Shangazi aliwatazama wote wawili. Kisha akainamisha kichwa, akaivua kamba shingoni.