Msumari wa Ukumbi wa Ruiru

Mimi si mtu wa kuamini haraka, na mwaka ule wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, hata kivuli changu nilikuwa nikikikagua. Kwa hiyo Kagwe, karani aliyekuwa akimtafsiria Mzungu wa sinema, aliponifuata Thika nilikokuwa nikishona nguo na kusema wanatafuta mwanamke wa kuigiza, nilimuuliza mara tatu anataka nini hasa.

Akaeleza. Picha ilimhusu daktari wa serikali anayepasua maiti ili ajue mtu amekufaje na nani kamuua. Huyo ndiye mkubwa wa picha. Mimi ningekuwa mpishi aliyeikuta maiti, ningeitwa mbele ya daktari, nimnyooshee muuaji kidole na kusema, "Ni huyu." Maneno mawili, basi. Malipo yalikuwa chakula, pamoja na barua yenye mhuri ili askari wasitusumbue kati ya Thika na Ruiru. Barua hiyo ndiyo iliyonishinda. Nikakubali, roho ikiwa juu juu.

Aliyepewa sehemu ya muuaji alikuwa Gachanja, fundi baiskeli wa Ruiru, mume wa rafiki yangu Wangeci. Naye alitaka barua tu.

Wangeci alinijia mapema, wala hakuzungukazunguka. Wiki iliyotangulia watu wa mtaa wao walipangwa mstari mbele ya mtu aliyevikwa gunia kichwani, limetobolewa mashimo mawili ya macho. Kila aliyenyooshewa kidole na lile gunia alipandishwa lori la kwenda kizuizini.

"Mama Kimeu," akaniambia, "usimnyooshee baba watoto kidole. Hata kwa mchezo."

Nikamwapia.

Siku ya kupiga picha, ndani ya ukumbi wa Ruiru, nikakataa. Nilitegemea Mzungu akasirike, lakini alicheka, na kicheko hicho sikukipenda. Akasema haidhuru, Gachanja atapigwa picha yake peke yake siku nyingine. Akanionyesha msumari wa kutundikia kofia: niunyooshee huo. Nikauliza watazamaji watajuaje muuaji ni nani. Kagwe akanijibu kwamba hiyo ni kazi ya watu wa sinema wenyewe, nisijali. Mimi ninayechungulia hata unga wa sokoni kabla ya kuununua, hapo sikuuliza zaidi. Nilijiona mjanja.

Mara ya kwanza kidole changu kilikuwa kimelala tu. Mzungu akataka chuki. Basi nikaukazia macho ule msumari, nikamkumbuka nyapara wa shamba la mkonge karibu na Ngoliba, aliyemfukuza mama yangu siku ya pili baada ya kumzika baba. Hasira ikanipanda, kidole kikanyooka, nikasema, "Ni huyu." Kagwe alirudi nyuma hatua moja. Nilifurahi, sifichi. Jioni nilimsimulia Wangeci habari za msumari, tukacheka mpaka machozi.

Miezi miwili baadaye, Jumapili baada ya kanisa, wakatundika shuka jeupe katika ukumbi uleule na kuziba madirisha kwa magunia ya kahawa. Nilikaa bega kwa bega na Wangeci. Gachanja alibaki nyumbani na baiskeli zake. Nikajiona, mwanamke mkubwa kuliko mlango, kidole mbele, macho yakiwaka. "Ni huyu." Kufumba na kufumbua, shuka zima likawa uso wa Gachanja, unatiririka jasho.

Hakuna aliyepiga makofi. Homugadi wawili, wale wanamgambo wa serikali, waliosimama nyuma walinong'onezana wakionyeshana ule uso. Wangeci akakivuta kiti chake mbali na changu, taratibu.

Jumanne homugadi walimchukua Gachanja. Walisema ni maswali kidogo tu, na ile barua yenye mhuri wakamwachia mkewe mezani. Watu wakaanza kunyamaza nilipopita. Hata wateja wangu wa Thika walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata.

Siku ya sita, Gachanja akiwa bado hajarudi, niliazima koleo, nikaingia ukumbini na kuung'oa ule msumari. Nikampelekea Wangeci. Nikamweleza yote: kwamba nilikataa, kwamba Kagwe ni shahidi, kwamba watu wa sinema hukata vipande na kuviunganisha kama mimi ninavyounga mikono ya gauni, hata mtu akaonekana anamtazama asiyekuwepo. Nililia nikieleza. Nilikuwa namtaka rafiki yangu.

Wangeci akaupokea msumari, akaugeuzageuza kiganjani.

"Ya msumari nakubali," alisema. "Lakini yale macho niliyaona. Hakuna mtu anayechukia msumari hivyo. Ulikuwa ukimfikiria nani, Syokau?"

Hakuniita Mama Kimeu. Nikamjibu ukweli, kwamba nilimfikiria nyapara mmoja wa mkonge, zamani, kule Ngoliba. Nikajisikia nikisema, na hata masikioni mwangu mwenyewe ukweli huo ulisikika kama uongo mtupu.