Mlango wa Stoo

Ezekia alikuwa amechoka hata kabla ya kuanza. Alitoka mashineni, alikoshinda akikoboa mpunga wa watu, akaingia ndani na pumba kichwani, akachuchumaa jikoni na kipande cha chaki, achore mpango sakafuni. Nyumba hii ya hapa Shanwe aliinunua ikiwa kuukuu, na nyumba kuukuu haina adabu: ukigusa bomba la jikoni, plasta ya sebuleni inadondoka. Fundi aliyeitwa aliizunguka mara moja, akaguna, akashauri ibomolewe yote. Ezekia akamshukuru, akaenda kuazima nyundo na mwiko.

Mpango wenyewe ulikuwa mdogo. Stoo iliyopakana na jikoni igeuzwe bafu lenye choo cha kukaa, kwa ajili ya mama mkwe. Bibi Ng'washi aliletwa kutoka Mwamkulu baada ya nyonga kumlemea. Wanawe wa kiume walishahama na ng'ombe, na kule hakubaki wa kumpa hata maji. Lakini choo cha Shanwe kilikuwa mwisho wa uwanja, na mlango wa stoo ulifungukia jikoni, anapopita Ezekia kila saa. Mtu na mama mkwe wake hawapishani njia ya chooni. Kwa hiyo bibi alizunguka nje na fimbo yake, kwenye tope, na alishatamka: "Nikianguka mara moja tu, mnirudishe kwangu."

"Si uweke pazia tu, yaishe?" alisema Vestina, mkewe.

"Pazia! Mama yako anikute nasonga ugali, yeye anaenda chooni? Nyie mmelelewa wapi?"

Vestina alicheka. Ezekia hakuwa na nguvu ya kucheka. Alifuta chaki, akachora upya: atoboe ukuta kati ya stoo na chumba cha bibi, bibi aingie bafuni akitokea kitandani kwake, na mlango wa stoo wa kutokea jikoni auzibe kwa tofali. Asimwone, wala asionwe naye.

Ikawa kazi ya kila jioni. Alihamisha bomba, akasogeza sinki la vyombo, akapanga marumaru zikapinda kidogo kama meno ya mtoto. Chumba cha bibi hakukanyaga. Alitobolea upande wa stoo, Vestina akazoa vifusi upande wa pili. Mgongo ulimuuma mpaka akawa anavaa viatu akiwa amelala. Alichojivunia ni ule ukuta wa jikoni, pale alipoziba mlango. Ulinyooka, akaupiga plasta, akaupaka rangi.

Jumapili moja Vestina na watoto, Lidia na wadogo zake, walikwenda kanisani. Ezekia alilala sebuleni kama gogo, hadi akasikia mtu anaita kwa mbali: "Vestina! Vestina we!" Akaifuata sauti mpaka jikoni. Ilitoka nyuma ya ukuta wake.

"Mama, ni mimi."

"Vestina yuko wapi?"

"Yuko kanisani."

"Basi nitamsubiri. Nimeteleza tu."

"Umeumia, mama?"

"Nimesema nitamsubiri."

Ilikuwa sauti ya mtu aliyeuma meno kwa maumivu. Ezekia alikimbilia mlango wa chumba cha bibi, mkono ukaishia kwenye kitasa. Chumba anacholala mama mkwe! Akarudi jikoni, akaukodolea macho ukuta wake, akauchukia. Alikuwa amepanga njia isiyokutana na mtu, na sasa mama wa watu amelala kwenye maji, hana wa kumfikia.

"Mama, umejifunika?"

"Nimejifunika."

"Sogea dirishani. Nabomoa."

Plasta iliruka, tofali zikafuata, na Ezekia akawa analia huku anapiga. Alimlilia bibi, na alizililia jioni zake zote. Alipopenya, Bibi Ng'washi alikuwa amejifunika kanga mpaka usoni. Alimwinua huku akitazama dari. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la pumba.

Alimkalisha kwenye kigoda jikoni, naye akaketi sakafuni, akampa mgongo. Akasubiri aambiwe amrudishe Mwamkulu. Alijua angekubali, kwa jinsi alivyochoka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Baba Lidia," bibi alisema hatimaye, kutoka ndani ya kanga. "Ile chaki bado unayo?"

"Ninayo, mama."

"Chora mlango hapo hapo. Uwe mpana, tupite wawili."