Betri za Kumngojea Djuma

Papa Alfani alisubu sufuria zake uani, mtaa wa Kabondo, katika mchanga mweusi, kwa alumini ya birika kuukuu na pistoni za magari yaliyoungua katika vile vita vya siku sita vilivyopiganwa mjini humo. Alumini ya namna hiyo haina adabu: sufuria ilipasuka kabla mchele haujaiva. Basi akawa anavunja betri za redio zilizokwisha, anatoa kile kijiti cheusi cha katikati, anakitwanga kiwe vumbi laini, kisha analikoroga ndani ya alumini iliyoyeyuka. Ilisaidia kidogo.

Betri za jirani yake Zaina zilisaidia kupita kiasi. Sufuria iliyotokana nazo ilikanyagwa barabarani na lori la askari. Lori ndilo lililovunjika ekseli.

“Mama Zaina, hizi betri ulisikilizaka nini?” Papa Alfani akauliza.

“Jina ya bwana yangu, papa.”

Mumewe, Djuma, alikamatwa na askari sokoni, akabebeshwa masanduku ya risasi kuelekea Bafwasende. Tangu hapo, kila jioni redio iliposoma majina ya watu waliopotezana, Zaina aliipakata. Betri zikichoka alizianika juu ya bati, jua lizipe pumzi, akaendelea. Alimtamani Djuma mpaka kile kikohozi chake cha mlangoni, alichokuwa akikilalamikia. Papa Alfani akajaribu betri za baa, zilizopiga muziki tu. Sufuria ikatoka legelege. Ikawa wazi kwamba kinachotia alumini nguvu ni kungoja, naye akarudi kazini.

Kamanda wa askari wa lile lori alikuja kwa ajili ya ekseli. Alipoiona sufuria aliacha ugomvi, akataka mabamba ya kuvisha malori yake. Papa Alfani akamweleza nguvu hiyo inatoka wapi.

“Mon commandant, betri zote nitakupatia,” Zaina akamwambia. “Munirudishie tu bwana yangu. Batu yenu ndio walimubeba.”

Kamanda aliona ni jambo dogo. Akaita Bafwasende kwa simu yake ya upepo. Wakajibu kwamba Djuma yupo, amekonda, anabeba. Zaina akapiga kigelegele palepale mchangani. Ndipo kamanda alipomgeukia fundi.

“Na huyo akirudi, chuma itakuwa namna gani?”

Papa Alfani hakuwahi kudanganya juu ya kazi yake. “Akirudi, mama hatamungoja tena. Donc, basi italegea.”

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, tunaambiwa. Siku ile mapenzi hayo yalimgharimu Zaina. Kamanda akaita Bafwasende tena: Djuma abaki hukohuko, na apewe chakula, asije akafa.

Wiki iliyofuata askari alishusha katoni ya betri mpya mlangoni kwa Zaina, na nyingine kwa kila mwanamke wa mtaa aliyekuwa na mtu porini. Za bure. Malori yakaanza kupita Kabondo yamevaa mabamba ya kijivu, yakienda kukamata wabebaji wengine.

“Kataa hizo betri, mama,” Papa Alfani akasema, macho chini. “Usisikilize tena. Chuma yao itakuwa bure.”

“Nikatae kumungoja?”

Zaina akapachika betri mpya. Redio ikashika safi kuliko siku zote, na msomaji akaanza na majina ya waliopotelea Banalia; ya Bafwasende yalikuwa bado.